Kwa Mwalimu Zaina, Kuhusu Goti la Lemburis

Mwalimu Zaina,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kigoda chako darasani, magoti yamenifika kifuani. Watoto wameondoka tangu saa tano na nusu, uwanja uko kimya, na nimechomoa karatasi katikati ya daftari la mahudhurio ili nikuandikie. Kuna jambo ambalo mpaka leo nimemwambia mtu mmoja tu. Jumatatu nitalisema mbele ya askari kule Handeni mjini. Sikutaka wao walijue kabla yako.

Siku uliyouawa, mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliompiga Lemburis.

Hapa kijijini hawasemi hivyo. Hapa mimi ni yule mwalimu aliyelala juu ya mfugaji ili asichomwe moto. Mwenyekiti alinisimamisha mkutanoni watu wakanipigia makofi, nami nikasimama na pengo langu la meno mawili, nikayapokea. Karibu wote waliopiga makofi walikuwepo siku ile. Waliona mpini niliokuwa nao mkononi. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu na wao walikuwa na vya kwao.

Wewe hukuona kilichofuata, kwa hiyo nitakueleza chote.

Unakumbuka nilivyokuja kwako. Mtu wa fimbo. Nilikuja kujitolea baada ya kukosa ajira, mkuu wa shule akanitupa darasa la awali kwa sababu walimu wengine hawakutaka watoto wanaojikojolea. Siku yangu ya kwanza nilikata fimbo ya mkole nyuma ya vyoo. Mtoto mmoja akasema mbili na mbili ni sita, nikamchapa kwenye vidole mpaka akalia bila sauti. Hukunigombeza mbele yao. Uliniita nje, ukaninyoosha kiganja, ukanichapa kwa fimbo ileile, tena kwa nguvu, halafu ukaniuliza: "Haya, saba mara nane?" Sikujibu. Nilikuwa nauwaza mkono. Ukasema, "Na yeye alikuwa anauwaza mkono." Ukaivunja fimbo ukaitia jikoni chini ya sufuria ya uji.

Baada ya hapo sikukuelewa kwa muda mrefu. Kila asubuhi ulimwaga vifuniko vya soda kwenye mkeka, ukawaambia watoto wavitenge watakavyo wao. Mmoja anatenga kwa rangi, mwingine kwa vilivyopondeka na visivyopondeka, na kila mmoja unamuuliza, "Kwa nini hiki umekiweka huku?" Ukipanga hindi, haragwe, haragwe, hindi, haragwe, haragwe, unanyamaza wao waseme kinachofuata. Ukimfunika mtoto mmoja kwa khanga, wengine waliokuwa wamefumba macho wanafumbua, wanatazamana, wanahesabiana, mpaka wamjue aliye chini kwa kuwa ndiye asiyeonekana. Na wakipata jibu, hata likiwa sahihi kabisa, unauliza, "Umejuaje?" Mtoto akijibu "nimejua tu," hukubali. Mimi nilidhani ni njia ya kupitisha muda mpaka uji uive.

Siku ya beseni ndiyo iliyonifungua macho. Ulileta machungwa mawili ya Kabuku, ukawauliza lipi litazama. Tukatosa la kwanza, likaelea. Ukalimenya la pili. Wakasema litaelea zaidi kwa sababu sasa ni jepesi. Hata mimi nilisema hivyo moyoni. Likazama. Watoto wakainamia beseni. Kisha Naserian, ambaye alikuwa hajamaliza wiki tatu darasani na Kiswahili chake bado kilikuwa kinajikwaa, akaokota ganda, akalibonyeza, akasema, "Hili lina upepo ndani." Ulifunga macho, Mwalimu. Nilikuona. Ulifunga macho kama mtu aliyepewa maji baada ya safari.

Naserian alifika kwako kwa njia ya ugomvi. Ng'ombe wa baba yake, Lemburis, waliingia kwenye mahindi yako wakala mistari minane. Ofisi ya kijiji ilijaa. Wanaume walitaka faini, wengine walitaka ng'ombe mmoja achinjwe palepale. Wewe ukasema unataka vitu viwili: samadi ya kutosha shamba zima, na yule binti yake anayechunga mbuzi aletwe darasani. Lemburis alicheka, akidhani unamtania. Ulipokataa kucheka naye, akainamisha kichwa. Jumatatu yake akamleta mwenyewe, amemshika kwa kidole kimoja. Akawa anakaa chini ya dirisha mpaka saa nne akisikiliza mnavyocheza, ndipo anawafuata ng'ombe wake.

Binti alitupita sote kwenye mchezo wa nyayo. Watoto wanafumba macho, mmoja anapita kwenye mchanga uliomwagiwa maji, halafu wengine wanasoma: ana kandambili au yuko peku, anatembea au anakimbia, mguu upi unakanyaga kwa nguvu. Naserian hakuhitaji hata kuinama. Alisema, "Huyu Mwajuma, ana kidonda kisigino." Ukamuuliza umejuaje. Akasema, "Kisigino hakikugusa."

Asubuhi ile hukufika saa mbili kama kawaida. Nilijua unapitia shambani kuwafukuza ngedere kabla ya kuja, kwa hiyo sikushtuka. Niliwatandikia mkeka, nikaanza vifuniko. Saa tatu kasoro nikasikia yowe la Mama Asha, yule jirani yako, kutoka njia ya shambani. Sikuwahi kusikia mtu mzima akipiga sauti vile. Nilimwachia mpishi wa uji watoto nikakimbia.

Nilikuwa mtu wa pili kufika. Mama Asha alikuwa amepiga magoti kwenye tope ameshika mguu wako. Sitakuandikia niliyoyaona yote. Wewe uliyapata mwilini, huhitaji kusimuliwa. Nitasema tu kwamba mkono wako wa kushoto ulikuwa umekatwa mara tatu. Ulijikinga. Ulipigana naye. Kandambili yako moja ilikuwa mbali, hatua kumi hivi, kwa hiyo ulikimbia pia.

Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini kama ugali. Na hapo ndipo ulipokuwa umenifundisha bila mimi kujua, maana nilipokuwa nimejishika mdomo, macho yangu yalikuwa yanasoma. Nyayo zako. Nyayo za Mama Asha, peku. Na nyayo za gambuti, kubwa, ya kulia imepasuka unyayoni na kuacha mstari kama mdomo uliofunguka. Zilikuja kutoka upande wa nyumbani na kurudi upande wa nyumbani. Hapakuwa na nyayo nyingine. Niliona. Halafu watu wakafika, arobaini, hamsini, wakakanyaga kila kitu, na nilichokiona nikakiacha hapo chini ya miguu yao.

Bakari ndiye aliyepaza sauti. Bakari, mtoto wa kaka wa marehemu mumeo, aliyekuwa akikuita mama mdogo mbele za watu, na nyuma akisema shamba ni la ukoo na wewe ni Msambaa uliyekuja na sanduku kutoka Mkumbara. Alikuwa analia kweli, kamasi zinamtoka. Akasema, "Ng'ombe walikula hapa, mama akamshtaki, mnataka ushahidi gani tena?" Akataja jina. Lemburis. Basi likawa limetoka. Jina likitoka kwenye kundi kama lile halirudi, Mwalimu. Mwanamume mmoja alikuwa na panga. Wengine walivunja miti. Mimi nilichukua jembe lako. Lilikuwa limelala pembeni yako, nikaligonga kwenye jiwe mpaka chuma kikatoka, nikabaki na mpini.

Sikuwa nafikiri. Ningependa kukuandikia kwamba nilisukumwa na watu, lakini nilikuwa mbele. Nilikuwa nakimbia mbele na koo langu lilikuwa na ladha ya chuma, na nilikuwa nataka, Mwalimu, nilikuwa nataka kwa mwili wote kusikia mfupa ukivunjika.

Tulimkuta lamboni ananywesha. Hakukimbia. Alituona tunakuja na silaha akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, akaniona mimi, na uso wake ukapata nafuu. Alidhani mimi ndiye nitakayemweleza. Mtu akapiga kelele, "Umemuua Mwalimu." Akasema, "Mwalimu? Mwalimu amekufa?" Kisha akakaa chini palepale kwenye tope la ng'ombe, akaweka mikono kichwani. Bakari akasema, "Mnaona? Hatia imemkalisha." Na sisi tukaona hatia.

Pigo langu la kwanza lilitua begani. Alianguka ubavu, miguu ikanyooka mbele yangu. Alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya matairi. Alama za tairi zilikuwa zimezagaa kwenye tope lote la lambo, za asubuhi, za kwenda na kurudi. Niliziona vizuri kama ninavyoziona herufi hizi. Katika akili yangu likapita neno moja, kwa sauti yako, umejuaje, na nikalijua jibu. Si huyu.

Halafu nikanyanyua mpini nikampiga goti.

Hicho ndicho sijamwambia mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. La kwanza nilipiga sijui. La pili nilipiga najua. Kulikuwa na nafasi kati ya mapigo hayo mawili, ndogo, ya pumzi moja, lakini ilitosha mtoto wa miaka sita kusema jibu, na mimi nilikuwa na jibu, na mkono wangu haukutaka kulisikia. Goti lilitoa sauti kama muhogo mkavu. Wengine wakamwingia kwa miti na mateke. Mmoja alimkanyaga shingo. Meno yake yalikuwa mekundu. Hakulia. Alikuwa anasema kitu kwa lugha yao, polepole, na katikati nikasikia jina la Naserian.

Saidi wa bodaboda akaja na chupa ya petroli.

Harufu ile ndiyo iliyonirudisha. Nilitupa mpini nikamlalia, kifua changu juu ya kichwa chake. Nikapiga kelele, "Nendeni mkaangalie nyayo, ni gambuti, ni gambuti." Hakuna aliyesikia maana yake. Walinipiga mimi sasa. Teke la mdomoni ndilo lililochukua meno. Ubavu wangu mmoja ulivunjika, mpaka leo nikipiga chafya nashika ukuta. Petroli ikatumwagikia wote wawili, ikaniingia machoni. Nikasikia Saidi amesimama juu yetu anasema, "Mwalimu, toka." Binti yake yuko kwenye darasa letu. Akasema tena, "Mwalimu, toka." Mara ya tatu sauti ilikuwa ya kuomba. Sikutoka. Nilikuwa namsikia Lemburis anapumua chini yangu, na nilikuwa nawaza kwamba nikitoka sitakuwa nimewahi kuwa mtu. Sikusikia njiti ikiwashwa. Nilisikia pikipiki ya mtendaji wa kijiji na filimbi za mgambo, watu wakaanza kutawanyika kama kuku.

Kuhusu Bakari nitakueleza kwa ufupi, maana hastahili karatasi nyingi. Nilipokuwa nimelazwa Korogwe, kitanda cha tatu kutoka kwa Lemburis, askari walikuja kuchukua maelezo. Niliwaambia nyayo. Kisha nikawaambia jambo ambalo lilikuwa limenikaa kichwani bila kujua kwa nini: asubuhi ile sote tuliokimbilia shambani tulikuwa na tope mpaka magotini, lakini Bakari alipofika alikuwa na kandambili na tope vidoleni tu, na ngozi ya miguu yake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyevua viatu vya mpira muda si mrefu. Walikwenda wakazikuta gambuti zimetupwa kwenye shimo la choo chake, ya kulia imepasuka. Simu yako ilipatikana kwa fundi mmoja karibu na stendi ya Korogwe. Bakari alikuwa ameiuza siku ya pili tu baada ya kukuzika. Yuko ndani, kesi inaendelea. Aliwaambia askari kwamba alikwenda kukuomba nusu ya shamba, wewe ukakataa, shetani akampitia. Panga alikuwa nalo kabla shetani hajapita.

Dada zako walikuchukua kukuzika Mkumbara. Sikukuzika, Mwalimu. Nilikuwa kitandani nimefungwa ubavu. Walisema watu walijaza barabara mpaka magari yakasimama.

Haikuishia hapo. Wakati Lemburis bado anawekewa vyuma mguuni, vijana wa kwao walikuja na sime mchana kweupe. Kijana mmoja wa hapa alikatwa mkono karibu na kisima. Kesho yake watu wetu wakawakata ng'ombe wanne miguu ya nyuma, wakawaacha wanalia mpaka jioni. Nilikuwa nimerudi siku hiyo, niliwasikia. Ng'ombe wale hawakuwa hata wa Lemburis. Yeye akatuma maneno kutoka hospitali kwamba kijana wake yeyote atakayeshika sime kwa jina lake, asimwite baba. Ndipo pakatulia, kutulia kwa watu wanaoangaliana.

Nilifungua darasa baada ya wiki nne. Nilifungua madirisha, nikafagia, nikamwaga vifuniko mkekani. Watoto hawakuvigusa. Nikaenda jikoni kutazama uji, niliporudi nikawakuta uwanjani. Mmoja alikuwa amelala chini. Wengine saba walikuwa wamemzunguka na vijiti, wanapiga ardhi pembeni yake, wanapiga kwa mpangilio, na binti wa Saidi ameshika chupa tupu anajifanya kumwaga. Walikuwa wanacheza. Walikuwa hata na majina: wewe ni fulani, wewe ni fulani. Na mtoto mmoja alikuwa mimi. Alikuwa na kijiti kirefu kuliko wengine. Akapiga mara mbili, akakitupa, akalala juu ya mwenzake.

Mara mbili, Mwalimu. Mtoto yule hakuwepo lamboni. Maana yake majumbani wanasema.

Nilimnyang'anya kijiti nikamchapa nacho miguuni. Mimi, baada ya miaka yote ile na wewe. Alinitazama bila kulia, akashangaa tu, kama aliyeona chungwa likizama. Nikakitupa. Nikaingia ndani nikakaa kwenye kigoda hiki mpaka mpishi akaja kuwagawia uji mwenyewe.

Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, na mbele ya mama yake, Mama Asha. Halafu nikachukua khanga yako, ile ya kijani yenye korosho, nikawaambia wafumbe macho. Nilitaka warudi kwenye kitu wanachokijua. Nikamfunika Mwajuma. Wakafumbua, wakatazamana, wakahesabiana kama ulivyowazoesha. Mmoja akanyanyua mkono: "Chini yuko Naserian."

Nikasema hapana, Naserian hayupo chini. Nikamuuliza umejuaje. Akaonyesha mkeka. Nafasi yake chini ya dirisha ilikuwa wazi. Hakuna mtoto aliyekuwa amekaa pale. Mwingine akasema, "Wawili hawaonekani. Mwajuma na Naserian. Mwajuma ndiye yuko chini, kwa sababu Naserian haji." Nikauliza, kwa mazoea tu, ulimi ulishakwenda, "Kwa nini haji?"

Asha, yule niliyemchapa, akajibu. Ana miaka mitano. Akasema, "Kwa sababu tulimpiga baba yake."

Tulimpiga. Mama yake alikuwa mlangoni, akashika mdomo. Tangu jambo lile litokee, nilikuwa sijasikia mtu yeyote hapa kijijini akisema tulimpiga. Ilikuwa alipigwa. Ilikuwa watu walimpiga. Kwenye faili la askari ni kundi la watu, majina hayakutajwa, kwa sababu walipouliza, kila mtu alikuwa amefika mwisho. Mtoto alifuata tu njia kama ulivyomfundisha, kutoka kwenye nafasi iliyo wazi kurudi nyuma mpaka kwenye sababu, na alipofika hakugeuza uso.

Siku ile ile saa nane nikaenda bomani kwao. Mkewe Lemburis alinizuia kwenye mlango wa zizi kwa fimbo ya kuchungia, hakunitukana, alinizuia tu. Nilikaa juani karibu saa nzima. Hatimaye Lemburis akasema kutoka ndani niingizwe. Alikuwa amekaa kwenye ngozi, mguu umenyooka mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Haukunji. Hatawafuata tena ng'ombe. Naserian alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wake, aliponiona akajificha uso.

Nikamwambia, "Goti hilo ni mimi."

Akasema, "Najua. Nilikuona."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja kwa askari, nasi tulikuwa chumba kimoja hospitalini. Akasugua paja. Akasema, "Mtu amenivunja, halafu mtu huyohuyo amenilalia. Nikimtaja wa kwanza, nimemtaja na wa pili. Nikashindwa." Ndipo nikamwambia lile la katikati, kwamba nilipopiga goti nilikuwa nimeshaona viatu vyake na nilijua. Hakuwa analijua hilo. Nilimwona linavyomwingia. Alishika ile fimbo ya mkewe, Mwalimu, akaishika kwa mikono miwili, na mimi nilikaa nikisubiri na nilikuwa radhi. Mishipa ya shingo ilimtoka. Kisha akaiweka chini, akasema, "Ondoka kabla sijafanana na wewe."

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema, "Binti yangu hawezi kukaa mbele ya mtu anayejua kitu na hasemi. Mwalimu Zaina hakumfundisha hivyo. Siku utakayosema kule kwa wakubwa, siku hiyo nitamleta."

Nilimweleza Mama Asha kwamba nakwenda kujitaja kwa askari, maana darasa lazima libaki na mtu. Yeye naye akaieneza, si kwa ubaya, kifua chake tu hakikuweza. Saidi akaja hapa darasani mchana, amesimama mlangoni, hakuvua kofia. Akaniambia, "Ukijitaja wewe umetutaja sote. Nina watoto." Nikamwambia nitajitaja peke yangu. Akasema, "Watakuuliza mlikuwa na nani." Nikasema wakiuliza sitadanganya. Alinishika shati akanigonga ukutani, ubavu ukalia, akaninong'oneza kwamba njia ya kwenda barabarani ni ndefu na ina vichaka. Halafu akaanza kulia, huku amenishika vilevile. Akasema kila akinusa petroli anaona jicho langu. Na yeye kazi yake ni petroli.

Jana asubuhi nilikuta panga limepigwa kwenye mlango wa darasa, limezama mpaka nusu ya bapa. Nililing'oa kabla watoto hawajafika. Nimelifunga kwenye gunia, nitakwenda nalo Handeni.

Naogopa, Mwalimu. Naogopa kufungwa, naogopa vichaka, na zaidi naogopa kwamba nikiwa mbele ya askari mdomo utatafuta maneno mepesi, hasira, msongamano, kutojua. Kwa hiyo nimeandika kwanza huku, mahali ambapo siwezi kudanganya, ili mkono uzoee.

Mama Asha amekubali kushika darasa. Ana kelele nyingi na hajui kusubiri, mtoto akichelewa kujibu anamjibia. Nimemwambia ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Juzi nilimwona amefika saba, midomo inamchezacheza, na mtoto akajibu mwenyewe. Atajifunza. Shamba lako dada zako wamesema lisiuzwe; mahindi ya msimu huu yatakuwa ya uji.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole uliotupokea nao sisi. Nakuahidi Jumatatu nitasema mawili yote, lililotoka kwa kutojua na lililotoka kwa kujua, na sitaruhusu mtu yeyote alichukue la pili alifiche chini ya la kwanza. Nikiachiwa, nitapanda gari la Mkumbara siku hiyohiyo, nije nisimame ulipolala, jambo ambalo sijathubutu kulifanya mpaka sasa. Nikifungwa, nitakuja nikitoka. Nitakuwa mzee zaidi, na nitakuja kwa miguu kutoka barabarani, na sitakuwa na kitu mkononi.

Mwanafunzi wako,
Athumani